Putilov: Tajiri wa Mizinga Aliyefilisiwa na Mfereji

Katika mji wa St. Petersburg, huko Urusi, kuna kiwanda kikongwe cha vyuma ambacho kwa miaka mingi kimetoa mizinga, vifaru na matrekta. Wengi wetu tumelisikia jina la Putilov likitajwa pamoja na vita na mapinduzi. Mwenye jina hilo alikuwa mtu wa namna gani?

Nikolai Putilov alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la Novgorod, akasoma chuo cha wanamaji na kubobea katika hesabu. Sifa zake zilianza kuvuma wakati wa Vita vya Krimea. Mwaka 1854 manowari za Waingereza na Wafaransa ziliingia Bahari ya Baltiki, na Warusi hawakuwa na meli za moshi za kutosha kuzikabili. Putilov akatakiwa aziunde upesi, naye hakuwa na kiwanda hata kimoja. Aligawa kazi kwa karakana mbalimbali za mjini, akaajiri watu wa viwanda vya nguo waliokosa kazi kwa ajili ya vita, wakafunzwa ufundi wa vyuma. Mwaka 1855, barafu ilipoyeyuka, manowari ndogo 32 zilikuwa tayari.

Mwaka 1863 alishirikiana na fundi bingwa Pavel Obukhov kuanzisha kiwanda cha mizinga ya chuma cha pua, ili Urusi isitegemee mizinga ya Krupp wa Ujerumani. Kisha baridi kali ikazivunjavunja reli zilizonunuliwa ng'ambo. Januari 1868 Putilov alikitwaa kiwanda kilichokuwa kimekwama, na baada ya siku 18 reli mpya zikaanza kutoka. Hicho ndicho kilichobeba jina lake.

Lau angetosheka hapo, angekufa tajiri. Lakini alikuwa na ndoto nyingine, na watu wa bandarini wataielewa bila taabu. Mdomo wa mto Neva una maji haba. Meli kubwa zilitia nanga kisiwani Kronstadt, shehena zikashushwa kwenye matishari na kupelekwa polepole hadi mjini. Mzigo mmoja ulipakuliwa mara mbili, na kulipiwa mara mbili. Putilov akashika neno moja: uchimbwe mfereji wa kina baharini, na gati zijengwe mjini penyewe, mlangoni mwa reli.

Wenye kufaidika na matishari hawakulipenda jambo hilo, na fedha za serikali hazikutosha. Putilov akatia mali yake na ya kiwanda. Madeni yakamzidi, na hisa za kiwanda zikaangukia mikononi mwa benki ya serikali. Wapo waliomlaumu, na si bure, kwamba alikiponza kiwanda kilichowalisha maelfu. Mwaka 1880 alifariki, mtungi mtupu. Wafanyakazi wake walilibeba jeneza, wakamzika kisiwani Gutuyev, mahali alipotaka bandari iwe.

Mfereji ulifunguliwa mwaka 1885, miaka mitano baada ya kifo chake.

Kiwanda nacho kilishika njia yake. Januari 1905 wafanyakazi waligoma kwa sababu ya wenzao waliofukuzwa kazi; mgomo ukaenea, na maandamano ya kuelekea kasri la mfalme yakaishia kwa risasi na damu. Mwaka 1917 walikuwa tena mstari wa mbele. Mwaka 1934, baada ya kiongozi Kirov kuuawa, kiwanda kilipewa jina la Kirov, na la Putilov likafutwa langoni.

Kwa hiyo mizinga imebaki makumbusho, na kiwanda kina jina la mwingine. Mfereji uliomfilisi haukuitwa kwa jina lake, lakini hadi leo meli zinapita humo zikienda kufunga gati mjini.