John Boyd Orr: Daktari Aliyepima Nguvu na Njaa

Wapo wanasayansi ambao majina yao tunayakariri kila siku maabarani, kina Newton na Mendel, na wapo wale ambao kazi yao imo sahanini mwetu wala hatuwajui hata kwa jina. John Boyd Orr ni wa kundi hili la pili. Yeye ndiye aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, na mwaka wa 1949 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tena si mgeni kwetu kabisa, maana utafiti wake mmoja mkubwa ulifanyiwa Kenya, na sehemu yake ilihusu majirani zetu wa upande wa pili wa Mlima Kenya. Ndiyo sababu nimeona si vibaya wanachama wenzangu tumjue bwana huyu.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, huko Uskoti. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe, mtu wa dini sana. Wakati mmoja biashara iliingia hasara na jamaa wakahamia kijiji kingine, West Kilbride. John alipokuwa na umri wa miaka 13 alipata nafasi katika shule ya mjini Kilmarnock, lakini badala ya kukazana na vitabu akawa anapenda kushinda machimboni na vibarua, akajifunza matusi yao yote. Wazazi kuona hivyo wakamrudisha shule ya kijijini. (Hebu fikiria, huyu ndiye atakayepewa Nobel!)

Baadaye alitulia. Akapata ufadhili wa kusomea ualimu katika mji wa Glasgow, na huko ndiko alikoiona njaa kwa macho yake mwenyewe. Mitaa ya mabanda ya Glasgow enzi hizo haikuwa mchezo: watoto wembamba, miguu imepinda, nguo matambara. Alipopangiwa kufundisha katika mojawapo ya shule za mitaa hiyo, alidumu siku chache tu akaacha. Aliona kwamba mtoto mwenye njaa na mgonjwa hafundishiki, hata mwalimu awe hodari namna gani. Akahamia shule nyingine, akafundisha kwa muda, kisha akarudi chuo kikuu kusomea biolojia na udaktari. Alihitimu udaktari mwaka wa 1912. Deni lilimbana, basi akafanya kazi ya daktari wa meli kwa miezi kadhaa ili alilipe.

Kazi ya kutibu mgonjwa mmoja mmoja haikumvutia sana. Alitaka kujua mwili unavyofanya kazi: chakula kinageukaje kuwa nguvu, na nguvu hiyo inatumikaje mtu anapotembea, anapobeba mzigo, anapolala. Mwaka wa 1914 alitumwa Aberdeen kuongoza taasisi ya utafiti wa lishe. Kufika, taasisi hakuna! Kulikuwa na mpango tu, na pauni 5,000 za kujengea maabara. Yeye akawaambia wakubwa kwamba panahitajika pauni 50,000. Zile chache zilizokuwepo zilitakiwa zijenge jengo la mbao, lakini Orr akamshawishi mkandarasi ajenge kwa mawe. Mimi naona hapo tabia ya mtu ilianza kujitokeza, ile ya kutokubali kupewa nusu ya kinachotakiwa.

Kabla mambo hayajachanganya, Vita Vikuu vya Kwanza vikazuka. Orr aliingia jeshini kama daktari wa kikosi. Alihakikisha buti za askari haziwabani, ili miguu isioze kwa maji ya mahandaki, na aliwafanya wachume mboga katika mashamba yaliyoachwa na wenyewe, waongezee chakula chao cha makopo. Watu wake walikuwa na afya kuliko wa vikosi vingine. Kwa ushujaa wake vitani alitunukiwa nishani mbili kubwa.

Sasa tufike kwenye sayansi yenyewe. Mwaka wa 1918, Orr pamoja na mwalimu wake, Profesa E. P. Cathcart, walipewa kazi ya kutafuta askari kuruta anahitaji chakula kiasi gani. Utawezaje kupima jambo kama hilo? Njia ilikuwa hii. Kuruta anabebeshwa mfuko mkubwa mgongoni, uitwao mfuko wa Douglas. Mdomoni anauma mpira wenye vali, na pua imebanwa. Hewa safi anaivuta kutoka nje, lakini hewa anayoitoa yote inaingia mfukoni. Anapiga gwaride, anatembea na mzigo, anachimba handaki. Kisha hewa ya mfukoni inapimwa: ni oksijeni kiasi gani imetumika, na kabonidayoksaidi kiasi gani imetoka. Kwa kuwa kila lita moja ya oksijeni inayotumika mwilini hutoa takriban kalori 5 za chakula (zile kubwa zinazoandikwa kwenye paketi), basi unajua mwili umechoma nguvu ngapi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1919. Wale mnaolalamika kwamba siku za mazoezi ya michezo githeri haitoshi, jueni malalamiko yenu yana hesabu yake, na ilipigwa zamani.

Vita vilipokwisha Orr alirudi Aberdeen, akatafuta wafadhili. Tajiri mmoja, John Quiller Rowett, alitoa fedha nyingi, na mwaka wa 1922 Taasisi ya Rowett ikafunguliwa. Mwanzoni utafiti wake ulikuwa wa mifugo: nyasi zikikosa madini, ng'ombe hudhoofika na maziwa hupungua. Malisho ya Kenya nayo yalichunguzwa. Hapo ndipo likazuka swali, kwamba kama nyasi zinaamua afya ya ng'ombe, je, chakula cha binadamu hakiamui afya yake vivyo hivyo?

Basi katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, Orr na Dkt. John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya serikali ya kikoloni hapa Kenya, waliwalinganisha Wakikuyu na Wamasai. Jamii hizi mbili zilipakana, lakini moja ilikula zaidi nafaka, kunde na viazi vitamu, na nyingine maziwa, nyama na damu. Maelfu ya watu walipimwa urefu, uzito, meno, damu, na hata nguvu za mkono kwa kifaa cha kuminya. Ripoti ilitoka mwaka wa 1931. Ilisema kwamba mwanamume wa Kimasai kwa wastani alimzidi wa Kikikuyu kwa inchi 5 za urefu (kama sentimita 13) na ratili 23 za uzito (kama kilo 10), na nguvu zake zilikuwa zaidi kwa nusu. Wakikuyu walionekana kuwa na upungufu wa damu, meno mabovu na vidonda. Wamasai nao hawakusalimika, kwani walisumbuliwa na kufunga choo na maumivu ya viungo.

Jambo lililonishangaza mimi ni la wanawake. Tofauti kati ya wanawake wa jamii hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume. Kwa nini? Wanawake wa Kikikuyu walikula mboga za majani zenye kalsiamu nyingi, hasa wakati wa mimba na wa kunyonyesha, na wanaume hawakuzijali. Sisi wa Meru na Embu tunaijua hadithi hiyo. Wako wazee hata leo wanaoona mboga ni chakula cha akina mama na mbuzi. Kumbe akina mama walikuwa wakijitibu wenyewe kabla hajaja daktari yeyote na mizani yake!

Wakati huo Wazungu wengi walidai kwamba Mwafrika ni dhaifu au mvivu kwa kuzaliwa kwake. Ripoti ya Orr na Gilks ilielekeza kidole kwenye chakula, si kwenye damu ya mtu, na hapo walifanya jambo kubwa. Lakini lazima niseme pia palipopungua. Mwanahistoria Cynthia Brantley, aliyeupitia upya utafiti huo mwaka wa 1997, ameonyesha kwamba watafiti waliuchukua mlo wa Wakikuyu kana kwamba ndio desturi yao tangu zamani. Hawakuzingatia mashamba yaliyonyang'anywa, wanaume waliokwenda kufanya vibarua, wala biashara ya zamani baina ya jamii hizo mbili, ambapo nafaka ilibadilishwa na mifugo. Yaani walimpima mtu aliyenyang'anywa shamba, halafu wakaandika kwamba tatizo lake ni kula mahindi.

Ajabu ni kwamba kwao Uingereza Orr hakuliacha swali la mfuko. Kwanza aliwajaribu watoto wa shule za Uskoti mwaka wa 1927, wengine wakipewa maziwa ya ziada na wengine la. Waliopewa maziwa walikua kwa kasi zaidi. Wale waliosoma shule za msingi hapa kwetu baada ya mwaka wa 1979 na kunywa maziwa ya Nyayo walifaidi wazo lile lile. Kisha mwaka wa 1936 akatoa kitabu kuhusu chakula, afya na kipato. Ndani yake alionyesha kwamba nusu hivi ya wananchi wa Uingereza hawakuwa na fedha za kununua chakula cha kuwatosha kiafya, na kwamba watoto wa maskini walikuwa wafupi kuliko wa matajiri. Wakubwa serikalini hawakufurahi hata kidogo. Vita vya pili vilipokuja, fikra hizo zilisaidia kupanga mgao wa chakula: tangu mwaka wa 1940 waja wazito na watoto wachanga walipewa maziwa kwa bei nafuu au bure. Ingawa nchi ilikuwa vitani, idadi ya watoto waliozaliwa wafu ilipungua. Vita hivyo hivyo vilimchukulia Orr mwanawe wa kiume wa pekee.

Mwaka wa 1945 akachaguliwa kuongoza FAO, naye alikuwa amekwenda kwenye mkutano ule wa Quebec kama mshauri tu. Alipendekeza iundwe bodi ya chakula ya dunia nzima, inunue ziada ya nchi zenye neema na kuwafikishia wenye njaa. Uingereza na Marekani zilikataa. Mwaka wa 1948 akaondoka, na inaonekana aliondoka na uchungu. Alipopewa Nobel mwaka uliofuata, fedha zake zote alizigawia vyama vya kutetea amani.

Alifariki nyumbani kwake Uskoti tarehe 25 Juni 1971, akiwa na umri wa miaka 90. Taasisi ya Rowett ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Aberdeen kuanzia mwaka wa 2008, na wanaofanya kazi humo wangali wanapima chakula na miili ya watu.