Sayyid Said bin Sultan, baharia na baba wa watoto wengi

Hapa Bujumbura, hasa Buyenzi, Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya darsa msikitini. Tukiulizwa kilifikaje, tunajibu kwamba kilitoka Ujiji, na Ujiji kililetwa na misafara ya pwani. Jibu hilo ni sahihi, ila linaishia njiani. Misafara ile ilikuwa na mji ilikoanzia na matajiri walioigharimia, na mji ule ulikuzwa na mtu mmoja, Sayyid Said bin Sultan wa Oman na Unguja. Wapo wanaomtaja kama fahari ya Waislamu, na wapo wanaomtaja kwa ajili ya utumwa peke yake. Mimi naona maisha yake yasimuliwe yote, bila kuficha upande wowote.

Alizaliwa mwaka 1791 huko Sumail, Oman. Bahari ilimwonyesha ukali wake mapema: mwaka 1804 baba yake aliuawa katika mapigano baharini, katika Ghuba, na Said alikuwa kijana wa miaka 13 tu. Shangazi wa ukoo wao, Bibi Moza, alikuwa nguzo yake katika miaka ile ya hatari. Mwaka 1806 Said akamuua binamu yake Badr bin Saif na kushika utawala. Wanahistoria wengi hulipita tukio hilo kwa sentensi moja. Lakini sisi tunaosoma fiqhi tunajua damu ya Mwislamu ina uzito gani, na kwamba siasa haiipunguzi.

Baada ya hapo alitawala kwa miaka 50, na nguvu yake ilikuwa merikebu. Alikuwa na manowari za kivita ambazo zamu moja zilibeba mizinga na zamu nyingine zilibeba biashara. Alipigana pia nchi kavu. Mwaka 1820, katika vita na Bani Bu Ali, alijeruhiwa mkono akijaribu kumwokoa askari wa Kiingereza aliyekuwa upande wake. Risasi nyingine ilibaki pajani mwake, akawa anachechemea hadi mwisho wa uhai wake.

Mwaka 1828 alifika Unguja kwa mara ya kwanza, na kisiwa kikampendeza kuliko Maskati. Alihimiza karafuu zipandwe kila shamba, akawavunja nguvu Wamazrui wa Mombasa mwaka 1837, kisha akayafanya makao yake makuu Unguja. Mwaka 1833 aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1840 merikebu yake Sultana, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ikatia nanga New York. Alimpa Mfalme wa Uingereza manowari nzima, Liverpool, yenye mizinga 74. Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum, kwa kuwa walidhani yeye ni imamu. Ukweli ni kwamba hakupewa kamwe baia ya uimamu kwa utaratibu wa Kiibadhi. Cheo chake kilikuwa Sayyid. Yeye alikuwa Ibadhi na raia wake wengi wa pwani walikuwa Mashafii, lakini hakuwalazimisha wabadili madhehebu, na makadhi wa pande zote mbili walikaa kuhukumu. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo lake linalostahili kusomwa zaidi vyuoni.

Sasa upande wa pili. Karafuu zilichumwa na watumwa. Meno ya tembo yalifika pwani mabegani mwa watu, na wengine kati yao waliuzwa pamoja na mzigo waliobeba. Alitia saini mkataba wa mwaka 1822 na mwingine wa mwaka 1845 wa kuibana biashara hiyo baharini, akijua vizuri kwamba anapunguza mapato yake, lakini ndani ya milki yake ya Afrika iliendelea. Njia za misafara zilifika hadi ziwa letu hili. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha tangulia.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Tunalijua hilo hasa kwa sababu binti yake, Salme, aliandika kumbukumbu zake baadaye. Kasri la Mtoni lilikuwa kando ya bahari, na mzee alikuwa akitembea barazani taratibu, kichwa kimeinama, akichechemea kidogo, au akitazama merikebu kwa darubini. Watoto waliletwa kwake asubuhi kumwamkia. Mke wake wa ndoa, Bibi Azza, hakuwa na mtoto aliyeishi. Watoto wote walikuwa wa masuria wa asili mbalimbali. Alipofariki, watoto 36 walikuwa hai. Nyumba kubwa namna hiyo ina majonzi yake: Hilal, mwanawe mkubwa, alikosana naye akafia Aden mwaka 1851, na Khalid, aliyemtegemea kushika Unguja, akafa mwaka 1854.

Mwaka 1856 alikuwa akirudi kutoka Maskati ndani ya merikebu yake Victoria. Salme anasimulia kwamba aliagiza mbao zipakiwe, iwapo mtu atafariki njiani. Tarehe 19 Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli, yeye ndiye aliyefariki. Allah amrehemu. Mwanawe Barghash alikuwa pamoja naye, na badala ya kumzika baharini aliufikisha mwili Unguja, akauzika usiku kimyakimya, kisha akajaribu kuiteka ngome kabla kaka yake Majid hajapata habari. Hakufanikiwa.

Majid akashika Unguja, Thuwaini akashika Maskati, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua milki igawanywe, Unguja iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Barghash alihamishiwa Bombay mwaka 1859 kwa uasi, akarudi, na Majid alipokufa mwaka 1870 akawa sultani. Ni yeye aliyetia saini, mwezi Juni 1873, mkataba ulioyafunga masoko ya watumwa. Huku kwetu ziwani misafara iliendelea kupita miaka mingi baada ya hapo.