Rosalind Franklin: Aliyechumia Juani

Kabla sijaanza kusimulia, acha nikiri jambo moja. Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilitaka kuiacha Fizikia. Kundi letu lilifanya jaribio la wiki mbili kwa ajili ya maonyesho ya sayansi hapa shuleni, na mimi ndiye niliyebaki maabara kila jioni kuandika vipimo, wenzangu wakienda zao uwanjani. Siku ya maonyesho ilipofika, jina langu halikutajwa hata mara moja! Nilikasirika kweli kweli. Mwalimu wetu mmoja akanipa kitabu cha maisha ya mwanamke mmoja Mwingereza, akaniambia nikisome kwanza, ndipo niamue. Niliyoyasoma ndiyo haya ninayowasimulia.

Rosalind Franklin alizaliwa London tarehe 25 Julai 1920, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Mwaka wa 1938 alijiunga na Chuo cha Newnham, Cambridge, akasomea Kemia. Alimaliza mwaka wa 1941, vita vikiwa vimepamba moto. Siku hizo Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili. Hilo lilibadilika mwaka wa 1948. Lakini yeye hakukata tamaa. Alifanya utafiti juu ya vijitundu vidogo sana vilivyomo ndani ya makaa ya mawe, na mwaka wa 1945 akapata shahada ya udaktari kwa kazi hiyo.

Mwaka wa 1947 alikwenda Paris, Ufaransa, na huko ndiko alikopata ufundi uliompa jina. Alijifunza kupiga picha kwa eksirei. Si picha za mifupa kama zile za hospitalini, la! Miale ya eksirei ikipita katika kitu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, hutawanyika na kuacha alama kwenye filamu. Mtaalamu akizipima alama hizo na kupiga hesabu, ataweza kujua umbo la kitu ambacho hata hadubini za siku hizo hazikuweza kulionyesha.

Januari 1951 alirudi London, katika Chuo cha King's, akapewa kazi ya kuchunguza DNA. Wanabiolojia wenzangu mnaijua: ndiyo iliyo ndani ya seli zetu, ndiyo inayobeba urithi wa mzazi hadi kwa mtoto. Umbo lake lilikuwa bado fumbo. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mkubwa wa maabara alikuwa amemwandikia Rosalind kwamba kazi ya eksirei itakuwa yake yeye na mwanafunzi Raymond Gosling. Maurice Wilkins, aliyekuwa akiichunguza DNA tangu hapo, alidhani huyu mgeni amekuja kumsaidia. Basi wakawa hawapikiki chungu kimoja.

Rosalind akaendelea na kazi. Alinyoosha uzi mwembamba wa DNA mbele ya kamera na kudhibiti unyevu wa hewa iliyouzunguka. Akagundua kumbe DNA ina sura mbili: ikiwa kavu kidogo huwa na sura moja, ikilowa hurefuka na kuwa na nyingine. Mwezi wa Novemba 1951 James Watson na Francis Crick wa Cambridge walijenga kielelezo chao cha kwanza. Rosalind alipokwenda kukitazama, aliona kosa mara moja: walikuwa wameweka fosfati ndani, na yeye alijua kutokana na vipimo vyake kwamba zinakaa nje.

Mei 1952 yeye na Gosling walipiga picha iliyopewa nambari 51. Kamera iliachwa ikifanya kazi kwa saa zipatazo sitini. Picha ilipotoka ilionyesha msalaba mweusi, dalili ya umbo lililojipinda kama parafujo. Januari 1953 Wilkins alimwonyesha Watson picha hiyo, Rosalind mwenyewe hana habari. Vipimo vyake navyo vilimfikia Crick kupitia ripoti ya maabara. Wiki chache baadaye Watson na Crick wakajenga kielelezo sahihi, ile ngazi iliyojisokota. Tarehe 25 Aprili 1953 jarida la Nature lilichapisha makala matatu juu ya DNA. La kwanza lilikuwa lao. La Rosalind na Gosling likawa la tatu, likaonekana kama la kuunga mkono tu.

Je, alikaa kulia? Hata! Alihamia Chuo cha Birkbeck, akachunguza virusi vinavyougua majani ya tumbaku, akionyesha vilivyoundwa. Mwaka wa 1956 aligunduliwa kuwa na saratani ya ovari. Aliendelea kwenda maabara katikati ya matibabu, hata akaanza kazi ya virusi vya polio. Alifariki tarehe 16 Aprili 1958, akiwa na miaka 37. Mwaka wa 1962 Watson, Crick na Wilkins walipewa Tuzo ya Nobel. Marehemu hapewi tuzo hiyo. Mwenzake wa Birkbeck, Aaron Klug, aliyeiendeleza kazi ya virusi, aliipata mwaka wa 1982.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Rosalind alichumia juani, kivuli wakakikalia wengine. Hata hivyo vipimo vyake vilikuwa sahihi, na ukweli haukuoza. Leo jina lake linatajwa popote DNA inapofundishwa.

Nami je? Fizikia sikuiacha. Lakini tangu siku ile, kundi letu likimaliza jaribio, huwa naandika majina ya wote juu ya karatasi kabla ya kuandika matokeo, hata la yule aliyeosha vyombo. Ndugu zangu, nanyi fanyeni vivyo hivyo. Kwaherini.