Mtemi Mirambo

Mirambo alikuwa Mnyamwezi. Alianza akiwa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo, magharibi ya Tabora. Jirani zake wa Unyanyembe walikuwa na nchi kubwa. Waarabu wenye mali walikaa kwao, na misafara ya pembe za ndovu ilipita kwao.

Mirambo angeweza kujilinganisha nao, akajiona mnyonge. Lakini alianza na alichokuwa nacho. Alikusanya vijana, wakawa askari, wakaitwa rugaruga. Mwaka 1871 alifunga njia ya kwenda Ujiji. Hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azunguke. Vita vilileta taabu nyingi, lakini Urambo ikawa nchi yenye nguvu. Mirambo alifariki mwaka 1884.

Ndugu msomaji, usijipime kwa shamba la jirani. Anza na jembe ulilo nalo.