Otto, mchuuzi wa kahawa aliyetufungulia njia ya tuktuk

Simama steji ya tuktuk pale Chaani jioni, utege sikio. Kila injini ya petroli inayonguruma mbele yako inarudia mambo manne tu: inavuta hewa na mafuta, inashindilia, inalipua, inatoa moshi. Halafu inaanza tena, zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Jamaa wa kwanza kuuza injini ya aina hiyo ikafanya kazi sawasawa hakuwa injinia. Alikuwa mchuuzi wa chai, kahawa na sukari, na jina lake ni Nikolaus August Otto.

Kama uko Kidato cha Tatu na hesabu za moli zinakutoa jasho, soma habari zake.

Otto alizaliwa tarehe 10 Juni 1832 katika kijiji cha Holzhausen, Ujerumani. Baba yake alifariki mwaka huo huo, mtoto akalelewa na mama. Shuleni alikuwa mzuri, lakini mwaka 1848 akaacha masomo, akaenda kujifunza kazi ya duka. Baadaye akawa muuzaji wa kuzunguka, leo mji huu, kesho ule, akitafutia kampuni wateja wa bidhaa za nyumbani. Yaani maisha ya kawaida kabisa, kama ya vijana wengi unaowaona wakizunguka na mizigo mjini.

Mwaka 1860 akasikia kwamba Etienne Lenoir, mtu mwingine aliyejifundisha mwenyewe, ametengeneza injini ya gesi huko Paris. Gesi yenyewe ilitokana na makaa ya mawe, ile iliyokuwa ikiwasha taa za barabarani. Injini ya Lenoir ilifanya kazi, lakini ilikunywa gesi vibaya sana. Tena ililazimika kukaa karibu na bomba la gesi la mjini.

Otto aliona tatizo hilo la bomba haraka kuliko wengi. Akafikiri: kwa nini injini isitumie mafuta ya maji, iende popote? Mwaka 1861 yeye na ndugu yake waliomba hataza ya kifaa cha kugeuza spiriti kuwa mvuke. Wakanyimwa. Hakununa. Alimlipa fundi mmoja wa Cologne amtengenezee nakala ndogo ya injini ya Lenoir, akaanza kuichokoza: gesi zaidi, hewa zaidi, washa mapema, washa kwa kuchelewa. Katika kuchokoza huko akagundua kwamba mchanganyiko ukishindiliwa kwanza ndipo uwashwe, gurudumu linazunguka kwa nguvu za ajabu. Mwaka 1862 akajenga injini ya mipigo minne. Milipuko ikaiharibu.

Hapa ndipo kemia inapoingia. Kuungua ni hesabu. Kila mafuta yana kiasi chake maalum cha oksijeni kinachotosha kuyaunguza yote, bila kubaki mafuta wala oksijeni. Hesabu hiyo inaitwa stoikiometria. Petroli, kwa mfano, inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja. Kwa hiyo lita moja tu ya petroli inahitaji karibu kilo 11 za hewa, sawa na lita 9,000 hivi! Hewa ikipungua, tuktuk inatoa moshi mweusi na pesa ya mafuta inapotea. Hewa ikizidi sana, injini inakosa nguvu. Fundi anayerekebisha kabureta kwa bisibisi huku akisikiliza mlio anafanya stoikiometria kwa masikio. Hata jiko la gesi nyumbani ni hivyo hivyo: moto wa samawati umepata hewa ya kutosha, moto wa njano unaopaka sufuria masizi haujapata.

Otto aliihitaji pesa kuliko sifa. Mwaka 1864 akaungana na Eugen Langen, mtoto wa tajiri wa sukari aliyesomea uhandisi, wakafungua kampuni ya injini. Mwaka 1867 walipeleka injini yao kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Ilikuwa na kelele, tena nzito. Lakini ilipopimwa, kumbe ilitumia chini ya nusu ya gesi ya wenzake. Wakapewa medali ya dhahabu.

Miaka 9 baadaye, 1876, Otto akarudi kwenye wazo lake la ujanani. Safari hii injini ya mipigo minne haikuvunjika. Iliuzwa kwa maelfu.

Furaha haikudumu. Mwaka 1886 hataza yake kuu ilifutwa, kwa sababu Mfaransa Alphonse Beau de Rochas alikuwa ameandika wazo hilo hilo mwaka 1862, ingawa hakujenga injini yoyote. Mwaka huo huo Karl Benz alisajili gari lake la petroli lenye injini ya mipigo minne. Unajua lilikuwa na magurudumu mangapi? Matatu, kama tuktuk. Otto alifariki tarehe 26 Januari 1891, akiwa na miaka 58.

Wewe huna haja ya kulipua kitu, na mtungi wa gesi usiuguse kabisa. Tengeneza gari la chupa ya plastiki ya nusu lita, magurudumu ya vifuniko. Tia mililita 50 za siki yenye asilimia 5 ya asidi. Funga gramu 3.5 za soda ya kuokea ndani ya tishu, kama robo tatu ya kijiko cha chai, uitumbukize. Ziba kwa kizibo kilegevu kinachoweza kuchomoka chenyewe. Usikaze kifuniko cha chupa hata siku moja, na usisimame nyuma yake. Gesi ya kaboni dioksaidi itasukuma kizibo upande huu na gari upande ule.

Kwa nini 3.5? Moli moja ya soda ni gramu 84, ya asidi ya siki ni gramu 60, na zinakutana moja kwa moja. Katika siki yako mna gramu 2.5 za asidi. Fanya hesabu mwenyewe, utaona zinamalizana, na utapata karibu lita moja ya gesi. Kisha jaribu tena kwa gramu 7. Soda maradufu, gari halisongi mbele zaidi, kwa sababu nusu ya soda haikupata mwenzake. Andika umbali wa kila jaribio kwenye daftari. Otto naye alianza hivyo, kwa kubadilisha kiasi na kuona injini inasemaje.