Édouard Lucas na Namba Tasa ya Tarakimu 39

François Édouard Anatole Lucas alizaliwa Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1842. Alisoma École Normale, Paris, akafanya kazi katika kituo cha kuchunguzia nyota cha jiji hilo, na akawa ofisa wa mizinga katika vita vya 1870-71 dhidi ya Prusia. Baada ya vita alifundisha hisabati katika shule za sekondari, kwanza Moulins, kisha Paris.

Suala lililompatia jina lilikuwa la kale. Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alitaja vipeo ambavyo, 2 ikipandishwa kwavyo na kutolewa 1, huzaa namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Miongoni mwavyo vilikuwamo 67 na 127. Mersenne hakutoa uthibitisho. Na kujaribu vigawo kimoja baada ya kingine ni kazi ambayo umri wa binadamu usingeitosha.

Lucas aliligeuza swali lenyewe. Hakutafuta vigawo, bali alibuni mfuatano. Kwa vipeo kama 7, 67 na 127, mfuatano huanza na 3. Kila namba huzidishwa kwa yenyewe, hutolewa 2, kisha huchukuliwa baki la kugawanya kwa namba inayochunguzwa. Kipeo kikiwa 7, namba hiyo ni 127, na mfuatano ni 3, 7, 47, 48, 16, 0. Sufuri katika nafasi ya sita, moja pungufu ya kipeo, ndiyo ithibati ya utasa.

Mwaka 1876 Lucas alitangaza kuwa kipeo cha 127 huzaa namba tasa:
170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727.

Mwaka huohuo alionyesha kuwa Mersenne alikosea kuhusu 67, ingawa hakuweza kutaja kigawo hata kimoja. Je, yatosha kujua kuwa namba inagawanyika bila kuviona vigawo vyake? Jibu lilidhihirika mwaka 1903, Frank Nelson Cole wa Marekani alipovitaja: 193,707,721 na 761,838,257,287. Mapengo katika hoja za Lucas yalizibwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930.

Mwaka 1883 Lucas alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi, ambao ukiwa na visahani 64 ungehitaji miondoko isiyopungua 2 kwa kipeo cha 64, ikitolewa 1: umbo lilelile la namba za Mersenne, sasa mikononi mwa watoto.

Alifariki Paris, Oktoba 1891, akiwa na miaka 49. Katika karamu ya wanasayansi kipande cha sahani iliyovunjika kilimkata shavuni, na siku chache baadaye uambukizo wa ngozi ukamuua. Namba yake ilibaki kubwa kuliko namba tasa zote zilizojulikana hadi mwaka 1951, na hakuna kubwa zaidi iliyothibitishwa kwa hesabu ya mkono pekee.