Khabari za Bwana Abdulmuttalib, Babu yake Mtume (S.A.W.)

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo: hapana mtu wa pwani, mkubwa wala mdogo, asiyelisikia jina la Abdulmuttalib, kwani kila isomwapo Barzanji hutajwa mara tu baada ya jina la Abdullahi katika nasaba ya Mtume. Walakini wengi hulipita jina lile kama mpita njia apitavyo kaburi asilomjua mwenyewe, na hali mtu huyu ndiye aliyempakata Mtume alipokuwa hana baba, kisha akawa hana mama. Khabari zake ni nyingi katika vitabu vya sira. Hapa zimekusanywa khasa zile zihusuzo watoto wake na mjukuu wake.

Baba yake ni Hashim bin Abdimanafi, tajiri wa Kikureshi. Hashim alioa Yathrib, mji ulioitwa Madina baadaye, akamwoa Salma binti Amr wa Banu Najjar. Kisha akasafiri kwenda Sham kwa biashara yake, akafa Ghaza, akawa amemwacha mtoto kwa mama yake. Mtoto yule alizaliwa na mvi kichwani, akaitwa Shaiba. Akakulia Yathrib kwa wajomba zake, hata ami yake Muttalib alipokwenda kumtaka. Mama mtu akakataa kwanza, kisha akaridhika. Wakaingia Makka juu ya ngamia mmoja, kijana nyuma na ami yake mbele, na watu walipomwona wakadhani ni mtumwa aliyenunuliwa, wakamwita Abdulmuttalib, yaani mtumwa wa Muttalib. Ami yake akawakanya na kuwaeleza nasaba ya kijana, lakini jina lilikwisha kushika, likalifunika lile la kwanza. Basi mtu huyu aliujua uyatima kabla hajaletewa yatima wa kumlea.

Muttalib alipokufa, kazi ya kuwanywesha na kuwalisha mahujaji ilimwangukia yeye. Makka ni bonde lisilo mto, na maji yalikuwa yakitekwa katika visima vya mbali na kuchukuliwa kwa viriba juu ya ngamia hata penye mahodhi ya ngozi. Ni kazi nzito kwa mtu mwenye mwana mmoja tu, naye alikuwa na Harith peke yake. Ndipo alipooteshwa usingizini, usiku baada ya usiku, aambiwa achimbe Zamzam, kisima cha Nabii Ismaili kilichofukiwa zamani na watu wa Jurhum. Akaonyeshwa na mahali pake. Akachukua sururu, akafuatana na Harith, wakachimba. Makureshi wakaja kumzuia, kwani pahala pale palikuwa kati ya sanamu zao mbili walipozoea kuchinja. Akamwambia mwanawe amkinge, naye akaendelea kuchimba. Hapo alipojiona alivyo mnyonge kwa uchache wa watoto, akaweka nadhiri: lau Mungu atamruzuku wana kumi, wakue hata waweze kumlinda, basi atamchinja mmoja wao penye Alkaaba.

Katika kuchimba alitokewa na paa wawili wa dhahabu, na panga, na mavazi ya chuma ya vita. Hili halina budi kusimuliwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa dhahabu inayotoka ardhini huwapima watu. Waliokwenda Makongolosi na pande zote za Chunya, huko Mbeya, katika miaka ya 1930 watu walipoikimbilia dhahabu ya Lupa, waliyaona: mtu huingia shimoni na nduguye wa baba mmoja na mama mmoja, na siku chembe ya kwanza ionekanapo katika karai ndipo undugu hutazamwa upya. Hata leo wachimbaji wa huko wanalijua jambo hili. Makureshi nao, waliokuwa wakimcheka mzee na mwanawe kwa kuchimba pasipokuwa na kitu, walipoiona dhahabu wakadai fungu. Abdulmuttalib hakupigana nao wala hakuficha kitu. Ikapigwa kura kwa mishale, kama ilivyokuwa desturi yao katika ujahili, nayo ni desturi iliyoharamishwa na Uislamu. Paa wakaiangukia Alkaaba, panga na mavazi ya chuma yakamwangukia yeye, na Makureshi hawakupata kitu. Akazifua zile panga zikawa mlango wa Alkaaba, na wale paa wa dhahabu akaupamba mlango kwao. Yeye akabaki na maji, nayo akawapa mahujaji.

Miaka ikapita, wana wakatimia kumi. Wa mwisho wao siku ile alikuwa Abdullahi, naye ndiye aliyependwa na baba yake kuliko wote. Mzee akawakusanya, akawaeleza nadhiri yake, wakatii wote bila ya mmoja kurudi nyuma. Kura ikapigwa, ikamwangukia Abdullahi. Mtu na afikiri hali ya mzee yule: kisu mkononi, na mkono wa pili umemshika kijana ampendaye. Akamwongoza hata pahala pa kuchinjia. Makureshi wakatoka katika mabaraza yao, na mbele yao wajomba wa kijana, Banu Makhzum, wakamzuia na kutaka kumkomboa kwa mali yao. Wakaenda kwa mwanamke mwaguzi, akawashauri waweke ngamia kumi, kiasi cha diya yao ya siku zile, wapige kura baina ya ngamia na kijana, na kila ikimwangukia kijana waongeze kumi.

Wakafanya hivyo. Kumi, ikamwangukia Abdullahi. Ishirini, Abdullahi. Thelathini, Abdullahi. Na mzee kila mara amesimama akimwomba Mwenyezi Mungu. Ikaenda hivyo hata walipofika ngamia mia, ndipo kura ikawaangukia ngamia. Watu wakafurahi wakasema yamekwisha, lakini yeye hakukubali mpaka ipigwe tena mara tatu, kwa kuchelea asije akawa amedanganyika kwa mapenzi ya mwanawe. Zote tatu zikawaangukia ngamia. Wakachinjwa wote mia, wakaachwa pale, hapana mtu aliyezuiliwa nyama yao. Sheria yetu imekwisha kubainisha kwamba nadhiri ya jambo la maasia haifungi, na kumchinja mtoto ni katika maasia makubwa. Lakini mtu yule alikuwa katika zama zisizo na Mtume, akijua tu kwamba ahadi ya Mungu haivunjwi. Na ngamia mia ndiyo diya ya mwanamume Mwislamu huru katika fiqhi ya Imamu Shafii.

Siku zile zile akamposea Abdullahi bibi Amina binti Wahb wa Banu Zuhra, akamwoza. Furaha haikudumu. Abdullahi alikwenda Sham na msafara, akarejea mgonjwa, akashuka Yathrib kwa wale wajomba wa baba yake, Banu Najjar. Msafara ulipoingia Makka bila yeye, mzee akamtuma Harith upesi akamtazame. Harith akafika, akakuta nduguye amekwisha zikwa. Mwana aliyekombolewa kwa ngamia mia akaondolewa na homa katika mji wa ugeni, na mkewe ni mja mzito. Na wangapi katika watu waliopanda bara kutafuta riziki, machimboni na mashambani, khabari zao zilirudi pwani kwa mkono wa mtu mwingine, na mimba zao zikalelewa na babu.

Katika mwaka wa Ndovu, nao ni karibu na mwaka 570 wa Miladi, Abraha alipokuja kuivunja Alkaaba, askari wake waliteka ngamia mia mbili wa Abdulmuttalib. Kisa chake na Abraha ni mashuhuri, nacho husomeshwa watoto wa chuoni pamoja na Suratil-Fil. Yatosha kusema kwamba alidai ngamia wake kwa kuwa ni mali yake, na Nyumba akaiacha kwa Mwenyewe, kisha akawatoa watu wa Makka akawapandisha majabalini.

Mwaka ule ule Amina akajifungua. Mzee alipoletewa khabari alikwenda mbio, akamchukua mtoto, akaingia naye ndani ya Alkaaba akimshukuru Mungu. Akamwita Muhammad, na jina hili halikuwa la kawaida kwa Makureshi. Walipomwuliza sababu ya kuyaacha majina ya wazee wake, aliwajibu kwamba ataka asifiwe mbinguni na ardhini.

Mtoto alipokuwa wa miaka sita mama yake akafa Abwaa, njiani wakitoka Yathrib, na Ummu Aiman akamrudisha Makka kwa babu yake. Miaka miwili aliyokaa naye ndiyo iliyo na utamu zaidi katika khabari hizi. Mzee alikuwa akitandikiwa busati katika kivuli cha Alkaaba, na wanawe, watu wazima wenye ndevu, hukaa kulizunguka wala hathubutu mmoja wao kulikalia kwa heshima ya baba yao. Mtoto huja akakaa katikati ya busati. Ami zake wakitaka kumwondoa, babu yake huwakataza, humkalisha ubavuni pake na kumpapasa mgongo, na kila alifanyalo humfurahisha. Wala hakuwa akila chakula mpaka aletwe.

Siku moja alimtuma kuwatafuta ngamia waliopotea, na kila alipomtuma jambo alifanikiwa. Siku ile mtoto akakawia. Mtu mmoja mgeni aliyekuja kuhiji akamwona mzee akiizunguka Nyumba, akimlilia Mola wake amrudishie Muhammad. Akauliza ni nani huyu, akaambiwa ni bwana wa Makureshi. Punde si punde mtoto akatokea na ngamia. Babu yake akamwambia kwamba huzuni aliyoipata kwa ajili yake haitamwacha, na akaapa kwamba hatamtuma tena wala hataachana naye kabisa. Mtu aliyesimama mbele ya Abraha asitetemeke, alitetemeka kwa kukawia kwa mtoto.

Alipohisi mauti, aliwaita binti zake sita, Safiya, Barra, Atika, Ummu Hakim, Umaima na Arwa, akataka kila mmoja amlilie kwa mashairi naye yu hai, apate kusikia watakayosema. Wakasema, na ulimi wake umekwisha kuwa mzito, akaashiria kwa kichwa kwamba ameridhika. Kisha akamwusia Abu Talib juu ya Muhammad. Abu Talib hakuwa mwenye mali kati ya ndugu zake. Lakini yeye na Abdullahi walikuwa wa tumbo moja, mama yao ni Fatima binti Amr, na mzee alijua kwamba yatima ahitaji moyo kabla ya mfuko.

Akafa, na Mtume ni wa miaka minane. Katika umri wake wapokezi wamehitilafiana: wako wasemao miaka themanini na miwili, na wako wasemao zaidi ya mia. Akazikwa Hajun. Ummu Aiman amesimulia kwamba alimwona Mtume siku ile akilia nyuma ya jeneza la babu yake. Ama hukumu yake huko Akhera, yeye ni katika watu wa fatra, na wanavyuoni wameligawanyikia jambo hilo; Imamu Suyuti ameandika vitabu zaidi ya kimoja kuwatetea wazazi wa Mtume, na atakaye na asome huko, kwani si maneno ya kubishania barazani.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, mwaka wa 8 wa Hijra, nao ni 630 wa Miladi, jeshi la Waislamu lilishambuliwa ghafula katika bonde la Hunaini, watu wakatawanyika. Mtume akabaki juu ya nyumbu wake mweupe akiwaelekea maadui, akajitambulisha kwa sauti kuu kwamba yeye ni Nabii wa haki, kisha akajinasibisha. Hakumtaja Abdullahi. Alisema kwamba yeye ni mwana wa Abdulmuttalib.